Karatasi ya Masha: Sehemu ya 3

Bado upo? Afadhali. Wiki iliyopita nilikuacha pabaya, na najua wapo walionilaani.

Haya, turudi Masha, kando ya lami itokayo Mbarara kwenda Isingiro. Kibanda cha chapati. Meza moja, mguu mmoja umewekewa kijiwe. Juu yake kuna rolex, chapati ya mayai, iliyopoa, kalamu ya bluu, na ile karatasi ya mkataba.

Upande huu, bwana wa miwani myeusi kutoka Kampala. Upande ule, kijana wetu, bondia wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Umri miaka 19, mapambano matano ya raundi nne nne, na wote watano aliowakuta ulingoni walilala chini.

Katikati yao Mwalimu, kocha wake, anamfungua kijana bandeji za mikononi. Taratibu mno. Nikisema bandeji usifikirie za dukani. Ni vipande vya kitenge cha mama yake kijana, vimefuliwa hadi maua yamefutika.

"Raundi kumi tu," bwana wa miwani akasema. "Shinda pambano hili, mwakani unapigania mkanda wa dunia."

Mkanda wa dunia! Wewe ungefanyaje? Unalala chini ya turubai Base Camp, mgao wa chakula umepunguzwa, halafu mtu anakusogezea kalamu. Usinijibu haraka.

Kijana akaishika.

"Papa, nisaini?"

Mwalimu akaendelea kuzungusha kitenge. "John Mugabi unamjua?"

Nusura nicheke. Kalamu iko hewani, mzee anaanza hadithi! Lakini Mwalimu ndivyo alivyo. Ukimuuliza saa, atakuanzia siku jua lilipoumbwa.

"Simjui, Papa."

"Mtoto wa Kampala. Moscow, 1980, uzito wa kilo 67, alifika fainali ya Olimpiki. Andrés Aldama wa Kuba akamshinda, Mugabi akarudi na medali ya fedha. Dunia ikaanza kumtafuta."

Aliyempata ni Mickey Duff, promota wa London. Huyo Duff mwenyewe alizaliwa Poland, na familia yake ya Kiyahudi ikahamia Uingereza kabla ya vita vya Hitler. Mtu aliyejua kuhama ni nini. Na kazi yake kubwa haikuwa kurusha ngumi. Ilikuwa kuchagua nani apigane na nani, na lini.

Akamchagulia Mugabi mmoja baada ya mwingine. Wote chini. Hakuna hata mmoja aliyesikia kengele ya mwisho akiwa amesimama. Wakamwita Mnyama.

"Kama mimi," kijana akasema, akitabasamu.

"Kama wewe," Mwalimu akasema. Hakutabasamu.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo penye mwiba.

Tarehe 26 Januari 1986, wapiganaji wa NRA wanaiteka Kampala. Wiki sita baadaye, 10 Machi, Mganda yuko Las Vegas, uwanja wa nje wa Caesars Palace, mbele yake Marvin Hagler. Kipara kinang'aa. Bingwa wa uzito wa kati tangu 1980.

"Mugabi hakuwa mtu wa uzito ule," Mwalimu akasema. "Mizani yake ilikuwa kilo 70 kasoro kidogo. Alipanda hadi 72 na nusu kumfuata Hagler."

"Akapigwa raundi ya kwanza?"

"Angepigwa ya kwanza nisingekusimulia. Alimtandika Hagler, Hagler akamtandika. Raundi ya sita watu walisimama juu ya viti. Lakini mtu aliyezoea kulala mapema, usiku wa manane unamshinda. Ya 11, Mugabi akakaa chini. Refa akahesabu hadi kumi."

Bwana wa miwani akaangalia saa yake.

"Desemba mwaka uleule akapewa mkanda mwingine kuupigania, safari hii kwenye uzito wake, na Duane Thomas. Raundi ya tatu jicho la Mugabi likaumia vibaya, pambano likasimamishwa. Mara mbili ndani ya mwaka mmoja."

"Na mara ya tatu?" kijana akauliza.

Nami nilitaka kujua! Ufaransa, 8 Julai 1989, bingwa René Jacquot. Kengele inalia, na kabla raundi ya kwanza haijaisha mmoja wao yuko chini, tena si kwa ngumi...

Mwalimu akanyamaza. Akakunja kitenge, akakitia mfukoni.

"Ya tatu nitakupa ukishuka kwenye mizani."

Mizani? Mizani ipi?

Ng'ambo ya barabara kuna duka la nafaka. Mbele yake, mzani wa sahani unaopima magunia ya maharage. Kijana akavua viatu, akapanda, vumbi la mahindi likamganda nyayoni. Mwenye duka akasukuma kile kijiwe cha chuma, akakirudisha, akakisukuma tena. Lori la matoke likapita, mshale ukatetemeka kisha ukatulia.

Kilo 66.

"Sasa tusomeane karatasi," Mwalimu akasema.

Imeandikwa Kiingereza cha mawakili, na kijana alisoma shule ya Kifaransa huko Kivu. Mwalimu akapitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama ukurasa wa pili. Kilo 72 na nusu. Raundi kumi.

Bwana wa miwani akakohoa. "Ataongezwa chakula."

"Kwa wiki sita zilizobaki kabla ya pambano?"

Kijana akageuka, macho yamejaa. Hakuwa na hasira na yule bwana. Alikuwa na hasira na Mwalimu.

"Papa, Mugabi alikuwa na nchi. Akishindwa anarudi, anapewa nafasi nyingine. Mimi mkimbizi. Nani atakuja tena Nakivale kunitafuta?"

Hilo lilinichoma, sikufichi. Nakivale imepokea wakimbizi tangu 1958, na si kila siku gari la Kampala husimama kwa ajili ya mmoja wao.

"Cindy Ngamba," Mwalimu akajibu polepole. "Mzaliwa wa Kameruni. Paris 2024 hakupigana chini ya bendera ya nchi yoyote, alipigana chini ya timu ya wakimbizi. Akatoka na shaba, medali ya kwanza ya timu hiyo tangu iundwe. Ulingo haukumuuliza pasipoti, mwanangu. Ila alifika akiwa tayari."

Kimya. Chapati inachomeka, hakuna anayeigeuza.

Kisha kijana akaiweka kalamu mezani. Nikapumua. Wewe pia umepumua, kubali.

Mapema mno.

Bwana wa miwani hakukasirika. Alicheka. Akailamba ncha ya kidole, akafunua ukurasa wa tatu, ambao hakuna aliyekuwa ameufikia, akaugeuzia kwa kijana.

Chini kulikuwa na nafasi mbili za sahihi. Ya bondia ilikuwa tupu.

Ya kocha ilikuwa imejazwa. Wino mweusi, tarehe ya wiki mbili nyuma, na mwandiko ule mrefu wa kuinama ambao kijana ameuona kila asubuhi kwenye daftari la mazoezi.

"Papa," kijana akasema, "hii ni ya nani?"

Mwalimu akaingiza mkono mfukoni, akakishika kile kitenge...

Itaendelea Jumamosi ijayo.