WAKIMBIZI WA KABULA: HISTORIA FUPI YA WAMISIONARI NA DINI ZETU



Mwezi wa Juni una siku mbili tunazozijua vizuri hapa Nakivale. Tarehe 3 Uganda hukumbuka Mashahidi wake, na tarehe 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Wengi wetu hudhani siku hizo hazihusiani. Historia yasema zinahusiana, tena katika Ankole hii hii.

Kuja kwa dini

Uislamu ndio uliotangulia Buganda. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna wa Pili akitokea pwani. Waanglikana wa shirika la CMS la Uingereza walifika tarehe 30 Juni 1877. Mwaka 1879 wakaja Mapadre Weupe wa Kikatoliki, Padre Lourdel na Bruda Amans. Kabaka Mutesa aliwasikiliza wote, nao wakabishana mbele yake.

Kiswahili chetu kilisaidia sana. Vijana wa ikulu walikwisha kujifunza lugha hiyo kwa Waislamu, na Mackay wa CMS akawafundisha Injili kwa vitabu vya Kiswahili vilivyotafsiriwa Unguja na Askofu Steere. Waliofuata dini mpya, Waislamu kwa Wakristo, waliitwa wasomaji. Hata leo neno la Kiganda "okusoma" lina maana ya kusoma na pia kusali.

Wasomaji wa kila dini waliuawa. Mnamo 1876 Mutesa aliwaua Waislamu waliokataa nyama isiyochinjwa kwa sheria yao. Kati ya 1885 na 1887 mwanawe, Mwanga, aliwaua Wakristo. Wanaohesabiwa kuwa mashahidi ni 45: Waanglikana 23 na Wakatoliki 22, miongoni mwao waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Ukimbizini Kabula

Mwaka 1888 wasomaji, Waislamu na Wakristo, waliungana wakamwondoa Mwanga. Umoja huo haukudumu. Mwaka huo huo Waislamu waliwafukuza Wakristo, na Wakatoliki na Waprotestanti, Apolo Kagwa akiwamo, wakakimbilia Ankole. Mugabe Ntare wa Tano, ambaye hakuwa Mkristo wala Mwislamu, aliwapa mahali pa kukaa Kabula. Leo hapo ni wilaya ya Lyantonde, na mabasi ya Mbarara kwenda Kampala hupita.

Kutoka Kabula walikwenda vitani pamoja, na mwaka 1889 wakamrudisha Mwanga katika kiti chake. Ndipo wakaanza kugombea vyeo na ardhi. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana wao kwa wao huko Mengo, na Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki za Maxim. Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu. Waliokuwa wakimbizi pamoja sasa walifanyana wakimbizi.

Vilima viwili vya Mbarara

Baadaye dini ilifika Ankole kwenyewe, na mwaka 1902 Mugabe Kahaya alibatizwa Kianglikana. Tukipita Masha hadi Mbarara mjini tunaona matunda yake: Ruharo ni kilima cha Waanglikana, Nyamitanga cha Wakatoliki. Shule zao zimesomesha wengi, na hospitali ya macho ya Ruharo inajulikana na wagonjwa wetu. Lakini mgawanyiko nao ulirithiwa. Wakati wa uhuru, mwaka 1962, chama cha DP kilihesabiwa kuwa cha Wakatoliki na UPC cha Waprotestanti.

Somo kwetu

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, kwanza Wanyarwanda. Leo tuko Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine. Tuna misikiti, makanisa na vikundi vya maombi, na watoto wa nyumba hizo zote hukaa dawati moja. Mbele ya mlango wa kambi shida hutuunganisha, kama ilivyowaunganisha watu wa Kabula. Tatizo huanza panapokuwa na kitu cha kugawana: kiwanja, kazi, kiti cha kamati.

Kwa hiyo sisi walimu tunaomba mambo mawili. Kwanza, nafasi za kamati zisihesabiwe kwa dini. Pili, mashehe, mapadre na wachungaji wakae pamoja mgogoro wa kiwanja unapoanza, kabla haujafika kwa vijana. Na wafadhili wetu wanaotoa msaada kupitia nyumba za ibada wauchunguze ugawaji huo mapema.

Tunawatakia nyote kumbukumbu njema.