Chekereni na Haki ya Kutengeneza

Kabla ya ukoloni, Wachaga walichimba mifongo ya kuteremsha maji ya Kilimanjaro hadi mashambani. Mfongo ulipobomoka, wenyewe waliitana kwa msaragambo, wakauziba. Kutumia na kutengeneza vilikuwa haki moja.

Mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa mkopo wa Japani. Chekereni ikapata mpunga wa mavuno makubwa, malango ya maji na matrekta. Ikapata pia utegemezi mpya, kwani vipuri viliagizwa ng'ambo.

Siku hizi utegemezi huo umetiwa kufuli. Matrekta mengi mapya huongozwa na programu ambayo fundi asiye wa kampuni hawezi kuifungua. Wakulima wa Marekani waliupinga utaratibu huo, na mwaka 2023 jimbo la Colorado likapitisha sheria inayowalazimu watengenezaji kutoa vipuri, maelekezo na programu za ukarabati.

Sheria hiyo haivuki bahari. Hata hivyo, ofisa wetu anayeandika mkataba wa ununuzi wa umma anaweza kudai mambo hayo matatu kabla ya kutia saini. Asipoyadai, mkulima atalipia trekta ambalo mwenye kauli juu yake ni muuzaji.