Nani Alitangulia Tabora

Historia ya utangazaji wa umma nchini Tanzania husimuliwa kwa masikitiko. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikasubiri hadi 1994, na hata hapo waliotangulia walikuwa wafanyabiashara. Televisheni ya Taifa ilianza mwaka 2000. Lakini ukiitazama historia hiyo kutokea Tabora, kosa haliko katika kuchelewa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa, na kwa mkoa wa wakulima wasio na umeme haikukosea sana. Kosa liko katika nani alitangulia kufika.

Tabora inajua habari ya njia. Mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walitembea zaidi ya miezi minne kutoka Pwani hadi Kazeh, Tabora ya leo; reli ilipofika mwaka 1912, iligeuza miezi kuwa siku. Ila njia ya misafara haikuwa ya kupokea tu: wapagazi wa Kinyamwezi waliteremka Bagamoyo na pembe na habari zao, wakarudi na vitambaa na habari za huko. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1965, iliendeleza kwa kiasi fulani desturi hiyo. Bendi za mikoani, Tabora Jazz ikiwamo, zilirekodiwa na redio, na muziki wao ukasikika nchi nzima.

Atakayesema redio ile ilikuwa mdomo wa serikali na chama hajasema uongo. Mpinzani hakuwa na nafasi, na taarifa ya habari ilianza na ziara za viongozi. Hata hivyo, kampeni ya afya ya redioni, Mtu ni Afya, ya mwaka 1973, iliyosaidiwa na fedha za Sweden, ilikusanya watu takriban milioni mbili katika vikundi vijijini. Watu waliizunguka redio moja, yenye betri ambazo pengine zilianikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu kwa sauti, watu wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Amri ilitoka juu, sikatai, lakini mtu wa mwisho kijijini alihesabiwa tangu kipindi kilipopangwa.

Linganisha na Norway. NRK, shirika la utangazaji wa umma, ilizindua televisheni mwaka 1960, na mshindani wake wa kitaifa, TV 2, hakuja hadi 1992. Kwa zaidi ya miaka 30 chaneli ya umma haikuwa na mshindani wa kitaifa, ikiendeshwa kwa ada ya kila mwenye kipokezi, hadi kodi ilipochukua nafasi ya ada mwaka 2020. Nchi tajiri ile, utasema, ina haki ya kujivuna. Utajiri ulisaidia, kweli, lakini hauelezi yote: mkazi wa Finnmark, kaskazini kabisa, alilipa ada ileile ya mkazi wa Oslo, kwa hiyo alikuwa na la kudai. Bara, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi kabla chaneli ya umma haijazaliwa. Ilipokuja, ilikuta soko limekwisha kuundwa mjini, ikategemea bajeti ya serikali na matangazo ya biashara. Mwenye sabuni ya kuuza hutafuta wanunuzi wengi karibu karibu. Kipindi kuhusu tumbaku ya Urambo au asali ya Sikonge, mkoani Tabora, hakimvutii.

Baada ya mitambo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa kuamkia 2013, gharama ilihamia kwa mtazamaji. Redio ya betri ilinunuliwa mara moja ikahudumia ukoo mzima. Televisheni ilidai umeme, antena, sasa na king'amuzi, na yote hayo yalinunuliwa na nyumba moja kwa ajili ya nyumba moja.