Jinsi ya kuondoa mabaki ya programu kwenye Linux bila kujiletea hasara

MTUMIAJI wa tarakilishi anapoondoa programu asiyoihitaji tena, aghalabu hudhani kwamba kazi imekwisha. Kwenye mifumo ya Linux, hata hivyo, programu moja huandamana na vifurushi vingine vya kuisaidia, na wasaidizi hao husalia kwenye diski hata baada ya yule aliyewaleta kuondoka.

Vifurushi hivyo huitwa vitegemezi. Mathalan, anayeweka VLC ili kutazama filamu huletewa pia vlc-data, vlc-plugin-base na maktaba kadhaa, yaani mafaili yenye maagizo yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Akiifuta VLC pekee, vingi kati ya hivyo hubaki bila kazi.

Kwenye mfumo wa Debian, na vilevile Ubuntu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2004, shughuli hii husimamiwa na chombo kiitwacho APT, kilichoingizwa rasmi katika toleo la Debian 2.1 mwaka wa 1999. APT huweka kumbukumbu ya vifurushi vya aina mbili: vile vilivyoagizwa na mtumiaji mwenyewe, na vile ilivyovileta yenyewe ili kutimiza mahitaji ya vingine. Kifurushi cha aina ya pili kikikosa programu inayokitegemea, huhesabiwa kuwa mabaki.

Amri ya kuyaondoa ni hii:

sudo apt autoremove

Mtumiaji akiongeza neno --purge, mafaili ya mipangilio ya vifurushi hivyo yaliyo kwenye mfumo hufutwa pia. Nyaraka, picha na muziki wake haviguswi.

Faida kubwa ya usafi huu huonekana kwenye kiini cha mfumo, yaani keneli. Kila keneli mpya inapowekwa, ya zamani haiondoki papo hapo. Katika tarakilishi ambazo sehemu ya diski iitwayo /boot imetengwa na ni ndogo, kama zile zilizofichiwa data yote kwa nenosiri, keneli kuukuu zinaweza kuijaza. Hapo masasisho hukwama, yakiwemo yale ya kuziba mianya ya usalama. Amri iliyotajwa huondoa keneli kuukuu, lakini huiacha ile inayotumika wakati huo pamoja na ya karibuni zaidi.

Hata hivyo, APT hutegemea kumbukumbu zake tu, wala haijui yaliyo moyoni mwa mtumiaji. Chukulia kwamba Java iliingia kama kitegemezi cha programu nyingine, kisha mwenye duka akaanza kuitumia kuendesha programu ya hesabu aliyoipata kwingineko. Programu hiyo haimo katika kumbukumbu za APT. Siku ile ya kwanza inapoondolewa, Java huorodheshwa kuwa mabaki, na ikifutwa, hesabu za duka hazitafunguka.

Kwa sababu hiyo, ni busara kuanza kwa majaribio yasiyofuta chochote:

apt-get -s autoremove

Orodha itakayotokea isomwe jina kwa jina. Kikionekana kifurushi kinachohitajika, kitiwe alama kwamba kimeagizwa na mwenyewe:

sudo apt-mark manual default-jre

Baada ya hapo APT haitakihesabu tena kuwa mabaki. Aidha, orodha ikiwa ndefu kupita kiasi, au ikitaja vifurushi vya mazingira ya eneo-kazi au vya mtandao, mtumiaji asikubali kabla ya kujua sababu. Kufuta huchukua sekunde chache, ilhali kurejesha mfumo uliopoteza uwezo wa kuingia kwenye intaneti ni kazi ya kutwa nzima.

Isitoshe, kuna takataka za aina nyingine ambazo amri hii haizigusi: nakala za vifurushi vilivyopakuliwa, ambazo hukusanyika katika /var/cache/apt/archives. Hizo huondolewa kwa sudo apt clean, na hakuna programu inayoathirika.

Mifumo mingine ina njia zake. Fedora hutumia dnf autoremove, nayo Arch huonyesha mabaki kwa pacman -Qdt. Majina ya amri hutofautiana, lakini kanuni ni ile ile: orodha husomwa kwanza, kibali hutolewa baadaye.