Kompyuta Inapogoma Kuwaka Baada ya Sasisho

Mpaka katikati ya miaka ya 1990, mfumo endeshi wa kompyuta nyingi ulibadilika pale tu mwenyewe alipoingiza disketi au CD mpya. Windows 98 ilizoesha watu kuchukua masasisho kwenye intaneti, na Oktoba 2003, miezi miwili baada ya kirusi Blaster kuenea duniani, Microsoft ilianza kuyatoa kwa ratiba, kila Jumanne ya pili ya mwezi. Ulinzi ukaimarika, lakini kosa moja nalo likaweza kuangusha kompyuta nyingi kwa siku moja.

Nyenzo za kuzinyanyua zilikuja kidogokidogo. Windows 95 ilikuwa na hali salama, ambapo mashine huwaka na programu chache za lazima ili fundi apate pa kuingilia. Windows Me ya mwaka 2000 ikaongeza uwezo wa kurudisha mfumo ulivyokuwa kabla ya badiliko la mwisho. Windows 7 ya mwaka 2009 ikahifadhi zana za ukarabati ndani ya diski ya kompyuta yenyewe.

Funzo kubwa kuliko yote lilitoka Februari 2010. Sasisho lililogusa kiini cha Windows XP liliacha baadhi ya kompyuta zikionyesha skrini ya bluu na kujiwasha upya bila kufika popote. Lawama zote zikaelekezwa kwa Microsoft. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mashine hizo zilikuwa tayari na kirusi Alureon, kilichojificha ndani ya draiva ya diski. Kirusi hicho kilitegemea anwani fulani ndani ya kiini. Sasisho lilipozihamisha, kikaita mahali pasipo penyewe na mfumo ukaanguka. Walioondoa sasisho kwa kutumia CD walipata kompyuta inayowaka, ila ugonjwa ulibaki palepale mpaka draiva ile ibadilishwe kwa nakala safi. Kuondoa sasisho, hatua ambayo mafundi wengi huanza nayo, huonyesha tatizo lilianza lini. Hakuonyeshi chanzo chake.

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5. Faili sahihi ilitolewa ndani ya dakika 78, lakini mashine nyingi zilizokwisha kuanguka hazikukaa hewani muda wa kutosha kuipokea. Mafundi waliziendea moja moja, wakaingia hali salama na kufuta faili yenye namba 291; zilizofungwa kwa usimbaji wa diski wa BitLocker zilidai kwanza ufunguo wa tarakimu 48. Novemba mwaka huo Microsoft ilitangaza mfumo wa kuiwezesha kompyuta isiyowaka kupokea marekebisho kupitia mtandao, bila fundi kuifikia.