Kofia Haina Saini

Shoga yangu wa Tegeta ni Mkristo, lakini Ramadhani haimpiti: atapanda daladala mbili mpaka Mbagala aje kufuturu nasi. Krismasi iliyopita nikaona zamu ni yangu. Nikaingia Kariakoo, nikanunua kitambaa cha vitundu, nyuzi na pakiti ya shanga nyekundu, nikaanza kumdarizia pambo la kutundika: ua la mkrismasi, ule mti unaowaka mwekundu mitaani kila Desemba.

Mshono wenyewe ni X ndogo ndogo. Penye shanga hushoni X nzima. Unapitisha uzi mara moja tu, kimshazari, nao ndio unaoishika shanga. Mishazari yote sharti iinamie upande mmoja. Wangu mmoja ulikwenda kushoto, shanga ikakaa kama jino la pembe, nikafumua safu nzima. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akasema, "Mwanangu, huko si kutalizi, huko ni kuhesabu."

Yeye ametalizi foronya tangu usichana wake: huchora ua kwa penseli, sindano ikafuata mstari. Lakini neno lake hilo, ambalo vitabuni ni kutarizi, lina ndugu kwa Wapalestina. Wao huita darizi lao tatriz, na sehemu yake kubwa ni X hizi hizi za kuhesabu. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa binadamu mwaka 2021. Zamani, aliyejua kusoma ruwaza za kifuani mwa gauni alikitambua kijiji cha mvaaji.

Nilipofika pindoni nikakwama: niandike jina langu?

Jane Bostocke wa Uingereza aliandika. Kitambaa chake cha mwaka 1598, kilichopo Victoria and Albert Museum jijini London, kina jina lake, na kinatangaza kuwa Alice Lee alizaliwa Novemba 1596, siku ya Jumanne, mchana. Darizi na cheti cha kuzaliwa, vyote kwa pamoja.

Kofia ya viua ya Zanzibar haina habari hizo. Mwanamke hukizungushia uzi kitundu kimoja kimoja kwa wiki na miezi, bwana akaivaa kwenda Ijumaa, na hata ukiigeuza ndani nje hutaona herufi ya fundi. Shanga za akina mama wa Kimaasai nazo humtaja mvaaji: rika lake, ameolewa au la, anatoka upande gani wa Umaasaini. Aliyezitunga amenyamaza.

Kanga ndiyo iliyonichanganya. Ina maneno, tena makali, na maneno hayo tunayaita jina. Lakini jina la mtu utakaloliona pale ni la biashara: K.H.E. – Mali ya Abdulla, alama ya Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka Mombasa mwaka 1887. Mchoraji hatajwi, mtunga maneno hatajwi. Anayesema ni yule aliyeinunua akampa mwenzake, na mwenzake akaelewa. (Wakati mwingine akaelewa mno, wakanuniana mwezi mzima.)

Jane namwelewa, mtoto angekua, angetaka kujua. Ila mimi kumwandikia shoga yangu jina langu ni sawa na kubisha hodi chumbani kwangu mwenyewe. Hata hivyo pambo lililo kimya kabisa lilinikera. Basi nikalipa jina la kanga. Usiku wa mwisho, umeme umekatika, tochi ya simu imeegemezwa kwenye kikombe, nikashona pindoni kwa uzi wa kijani: FUTARI IPO.

Alisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Mti wa Krismasi hana. Amelitundika kwenye kitasa cha kabati la vyombo, na wageni wake humuuliza limetoka duka gani.