Walioikimbia panda gari

Mzee wa Kamwokya aliyekuwa Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1980 hahitaji kuelezwa panda gari ilikuwa nini. Amri ya askari wa UNLA, jeshi la serikali, iligeuka jina la msako wenyewe. Alfajiri mtaa unazingirwa, watu wanatolewa majumbani na kuketishwa chini. Kisha analetwa yule waliyemwita kompyuta: mpelelezi, au mateka aliyekwisha kuteswa, akipita mbele ya safu na kunyoosha kidole. Aliyeonyeshwa hakupewa nafasi ya kujitetea. Lori lilikuwa linangoja, na wengi waliopakiwa hawakuonekana tena.

Misako ilipamba moto baada ya tarehe 23 Februari 1982, waasi wa UFM wa Andrew Kayiira walipoishambulia kambi ya Lubiri. Lakini shutuma zilikuwepo tangu Yoweri Museveni na wenzake waivamie kambi ya jeshi ya Kabamba, tarehe 6 Februari 1981. Serikali ya Milton Obote iliwaita majambazi, na katika Buganda kijana yeyote mwenye nguvu akashukiwa kuwa mmoja wao. Ujana wake ulitosha kuwa ushahidi.

Kwa hiyo serikali yenyewe iliwapelekea waasi askari. Aliyeponyoka msako angerudi wapi, wakati nyumbani ndiko alikojulikana? Luwero iko kaskazini mwa jiji, mwendo wa kilomita sitini na kitu, na huko kwa hao majambazi hakuna aliyemlaumu kwa kutoroka. Hakukuwa kwema: njaa ilikuwepo, na raia wa Luwero waliuawa kwa maelfu. Ila msituni alau alikuwa na wenzake na bunduki.

Oktoba 1982 zamu ikawa ya Wanyarwanda wa Ankole. Vijana wa UPC, chama cha Obote, wakisaidiwa na vyombo vya dola, walichoma nyumba, wakapora ng'ombe na kuwasukuma maelfu hadi mpakani, kwa madai kwamba ni watu wa Museveni. Wanyarwanda kama Fred Rwigyema na Paul Kagame walikuwa msituni tayari, kweli. Bibi kizee aliyenyang'anywa ng'ombe wake hakuwa. Wajukuu zake ndio waliokwenda kuwafuata akina Rwigyema.

NRA, jeshi la Museveni, ilipoiteka Kampala tarehe 26 Januari 1986, Wanyarwanda katika safu zake walikuwa maelfu. Haukupita muda wakaanza kunung'unikiwa kuwa ni wageni wanaoshika vyeo. Tarehe 1 Oktoba 1990 Rwigyema aliwaongoza kuvuka mpaka wa Rwanda pale Kagitumba, wakirudi kwao, na serikali ya Kigali ikawaita inyenzi, yaani mende.